Baki Tatu

Chaki zilikwisha Jumanne. Nikaenda jikoni,
nikamwomba majivu Mama Mbeleje, mpishi wa uji.
Akanijazia kopo, akauliza: leo mnafundisha kuosha sufuria?

Nikachora mstari kuanzia kizingiti cha darasa la tatu,
ukakata uwanja wa Kigwe, udongo mwekundu,
ukaelekea reli.
Sifuri mlangoni.
Moja, hatua yangu. Mbili, hatua yangu.
Kwenye ishirini na tatu majivu yakaniishia,
nikamalizia mshale kwa kisigino.
Nikawaambia: namba zinaendelea hivyo hivyo,
zinapita Bahi, zinapita Manyoni, hazishuki kituo chochote.
"Zinakata tiketi?" akauliza Elikana.

Ishirini na tatu, gawanya kwa nne.

Ubaoni hesabu hii ilikuwa imetugaragaza wiki mbili.
Wengine waliandika tano, wengine sita,
na mmoja aliandika "haitaki".
Yule nilikaribia kumpa vema.

"Sechelela, simama mwisho kule.
Kila mruko ni nne. Si tatu, si tano.
Rudi mpaka sifuri, sisi tunahesabu."

Akakusanya sketi mkononi.
Kumi na tisa! likaitikia darasa zima.
Kumi na tano!
Kumi na moja! Hapo kiatu cha kushoto kikamvuka,
hakugeuka kukitazama.
Saba!
Tatu!

Halafu kimya. Upepo wa Julai tu,
na vumbi lake linaloingia hadi kwenye meno.

Miruko mitano. Na Sechelela amesimama juu ya tatu,
mlango uko pale, anaweza kuutemea mate.
"Mwalimu, nimalizie?"
Mruko wako ni nne.
"Nikiruka nne?"
Utaipita sifuri, utaingia darasani,
na namba za humo ndani hatujazisoma.
"Nikiruka kidogo?"
Kidogo si mruko.
"Sasa nikae hapa mpaka lini?"

Kiongozi cha mwalimu hakina jibu la swali hilo.
Kinasema: andika tano, andika baki tatu,
nenda swali la pili.
Nami miaka kumi na moja nilikuwa naenda swali la pili.

Ndipo Chilewa, ambaye hunyoosha kidole
akitaka kwenda chooni tu,
akanyoosha kidole.
"Mwalimu, hiyo tatu ni ya nani?"

Sikujibu upesi. Akajijibu mwenyewe:
"Kwetu tuko wanne. Mama akigawa karanga
anahesabu moja moja, kila mtu kiganjani mwake.
Zikibaki mbili, zikibaki tatu, hatugombanii.
Anazirudisha kwenye kibuyu cha mbegu.
Mvua ikinyesha Desemba, ndizo tunazopanda."

Darasa likamtazama kana kwamba ametoka ukutani.
Sechelela, mguu mmoja peku, akatazama chini,
akasogeza vidole visiikanyage ile tatu.

Jioni nilisahihisha madaftari arobaini na sita
kwa taa iliyokuwa ikizimika kila ninapopiga chafya.
Tano baki tatu. Tano baki tatu. Tano na robo tatu,
huyo ana kaka yake darasa la sita.
Halafu moja, mwandiko umelala kama mtama uliopigwa na upepo:
*5, na 3 za mbegu.*
Kalamu nyekundu ikasita hewani.
Mkaguzi akija, nitamwambia nini?
Nikaweka vema, kubwa,
mkia wake ukatoka nje ya ukurasa.

Asubuhi mbuzi walikuwa wameshapita uwanjani, na upepo pia.
Hakuna mshale, hakuna kumi na tisa.
Mlangoni Mama Mbeleje alikuwa ameshafagia sifuri.
Ila hatua tatu kutoka kizingitini,
pale mtoto aliposimama muda mrefu akiuliza,
nyayo mbili zilikuwa zimezama ardhini:
moja ya kiatu,
moja yenye vidole vitano.